Vidato vya Chini

Mjomba wangu ana daftari analolihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni, juu ya kabati, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya wanawe na hati ya kiwanja. Jalada lake jeusi limechakaa pembeni, na karatasi zimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Ofisini tuliliita dispachi, daftari la kupelekea barua. Kila mstari una tarehe, namba ya barua, jina la anayepelekewa, na mwishoni saini ya aliyeipokea.

Mjomba alianza utarishi mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, katika shirika moja la Dar es Salaam. Alikuwa amemaliza darasa la nane. Walimpa baiskeli ya ofisi, mkoba wa ngozi na sare mbili za kaki. Kutwa alikuwa njiani: Kivukoni, Posta, Kariakoo, bandarini, kurudi. Alistaafu mwaka 2003 akiwa mhasibu msaidizi, mwenye meza ya mninga, simu yake mwenyewe na makarani sita chini yake. Kati ya ile baiskeli na ile meza kuna miaka 35, na katika miaka hiyo hakuna mahali aliporuka. Alipanda.

Namna ile ya kupanda imekufa, nami nilikuwa mmoja wa walioizika. Kwetu mtu akifa tunakaa matanga, tunasoma hitima, tunahesabu mpaka arobaini. Kazi ikifa hatuna siku ya kuanzia kuhesabu. Hakuna aliyepiga ukunga. Pengine ndiyo maana huzuni hii nimekaa nayo miaka yote hii bila kujua pa kuiweka.

Kiswahili kina neno moja, ngazi, kwa kile chombo cha mbao kinachoegemezwa ukutani na kwa cheo cha mtu kazini. Kidato nacho ni kile kipande cha mti unachokikanyaga, na ni darasa la sekondari. Waliotuachia lugha hii waliona kwamba kusoma, kupata cheo na kupanda dari ni kitendo kimoja: mguu huu lazima uwe umekanyaga mahali ndipo ule mwingine unyanyuke.

Mjomba alikanyaga wapi? Tarishi alikuwa mtu pekee, ukimwacha mkurugenzi, aliyeingia kila chumba cha ofisi. Alijua nani anamwandikia nani, barua gani hurudi baada ya siku mbili na ipi hulala mwezi mzima. Mwaka wa tatu karani wa masijala akaugua, na mkuu wa masijala akamwambia, "Hebu kaa hapa kwanza." Hakuna tangazo la kazi lililobandikwa. Akakaa. Akajifunza namna majalada yanavyopewa namba, dokezo linavyoandikwa pembeni, jalada linavyofuatwa likipotelea mezani kwa mkubwa. Jioni akawa anakwenda Chuo cha Elimu ya Biashara, kile kilichofunguliwa mwaka 1965, kusoma utunzaji wa vitabu. Baada ya miaka mitano wakamhamishia chumba cha leja. Yote hayo yalianza kwa sababu kulikuwa na kidato cha chini kabisa, kilichokaribia ardhi kiasi kwamba mtoto wa mvuvi kutoka Mafia aliweza kukifikia bila kumjua mtu.

Chumba cha leja nakijua mwenyewe, kwa kuwa nami niliingia humo, katika shirika jingine, mwaka 1989. Meza ndefu, mafeni mawili ya darini, vitabu vizito vilivyofunguliwa kwa mikono miwili. Vocha zilitoka kwa keshia, zikapita kwenye daftari la fedha, zikaingizwa kwenye leja, na kila mwisho wa mwezi tulitafuta urari. Upande wa debiti na upande wa krediti lazima viwe sawa. Visipokuwa sawa, hakuna aendaye nyumbani.

Usiku mmoja wa mwezi Juni, tukifunga mwaka, tulipishana kwa shilingi 2,700. Tuliokuwa wapya tulianza kuzitafuta hizo 2,700 kama noti iliyoanguka chini ya meza. Tulidhani lazima iko vocha moja ya kiasi hicho iliyosahauliwa. Karani mkuu, mama mmoja aliyekuwa ameshika leja tangu sisi tuko shule ya msingi, hakuinuka hata kwenye kiti chake. "Gawanya kwa tisa," alisema. Nikagawanya. Ikatoka 300 kamili, haikubaki kitu. "Basi hakuna pesa iliyopotea. Kuna mtu amegeuza tarakimu. Tafuteni mahali ambapo elfu na mia zinapishana kwa tatu."

Ndivyo hesabu zilivyo. Ukizigeuza tarakimu mbili, tofauti itakayopatikana hugawanyika kwa tisa siku zote, na kile kinachotoka kinakwambia tarakimu zenyewe zinapishana kwa kiasi gani. Ilipofika saa tatu usiku tukaipata: 2,500 iliyoandikwa 5,200. Mwandiko ulikuwa wangu. Yule mama hakunigombeza. Alikata ile namba kwa mstari mmoja ulionyooka, ili ya chini yake iendelee kusomeka, akaandika iliyo sahihi juu yake, akatia saini ndogo pembeni, akaniambia nisome kwa sauti nilichokuwa nimeandika. Kisha tukaenda kusubiri basi.

Usiku ule nimeufikiria mara nyingi kuliko semina zote nilizolipiwa baadaye. Nilijifunza kwamba kosa lina umbo, na ukilijua umbo lake utalifuata mpaka kwa mtu aliyelifanya. Nilijifunza pia kwamba mtu huyo anaweza kuwa mimi na bado nikahesabiwa kuwa mmoja wao. Kitabu kinaweza kukufundisha lile la kwanza. Hili la pili linataka chumba, na mama kama yule.

Nchi yetu iliwahi kuifungia kompyuta mlango. Kompyuta ya kwanza iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965, na jaribio la kuzikabidhi mashine hesabu za serikali lilikwenda vibaya kiasi kwamba mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Vijana wa leo wakilisikia hili hutikisa kichwa. Mimi silicheki. Walioandika amri ile hawakuwa wakimlilia tarishi. Walikuwa wameungua na fedha nyingi za kigeni zimekwenda. Lakini kwa miaka zaidi ya kumi wakanunua muda bila wenyewe kukusudia, na katika muda huo wa kununuliwa ndimo mjomba alimosoma, akapanda, akajenga nyumba Temeke na kuwapeleka watoto wanne sekondari. Mlango ulipofunguliwa polepole, yeye alikuwa ameshafika juu.

Kwangu mashine ilikuja kwa ukamilifu mwaka 2011. Si kwamba hatukuwa na kompyuta kabla ya hapo. Tulikuwa nazo, lakini zilikuwa kama taipureta zenye kioo. Safari hii ulikuja mfumo mmoja ulioshika hesabu, stoo, manunuzi na mishahara kwa pamoja. Vocha inaingizwa mara moja, leja inajiandika yenyewe, urari unatoka ukibonyeza. Tena muamala usiolingana mfumo haupokei kabisa. Kwa hiyo hapakuwa tena na shilingi 2,700 za kutafuta usiku. Ile hekima ya tisa ilikosa kazi siku ileile.

Nilikuwa katika kamati. Nilipewa jukumu la kuchora upya muundo wa shirika, ile karatasi ya visanduku inayoanza na Bodi juu na kushuka. Mstari wa chini kabisa ndio uliokuwa na visanduku vingi: matarishi, makarani wa masijala, wapiga chapa, opareta wa simu, makarani wa leja, karani wa stoo. Nikauweka kwenye kompyuta, nikauchagua wote kwa mara moja, nikaufuta. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa maji. Karatasi ikaonekana safi, ina nafasi, na mwenyekiti wa kamati akasema sasa inasomeka.

Hakuna aliyefukuzwa, na hilo tulilisema kwa fahari. Aliyestaafu hakujaziwa nafasi yake. Aliyefariki hakujaziwa. Opareta wa simu, dada aliyeitambua sauti ya kila mteja mkubwa kabla hajajitaja, alihamishiwa mapokezi, kisha mapokezi ikapewa kampuni ya ulinzi. Katibu muhtasi mmoja, aliyehitimu Chuo cha Uhazili Tabora na mwenye kasi ya hatimkato ambayo sijaona mfano wake, alimaliza miaka yake minne ya mwisho akiandika ratiba ya chumba cha mikutano. Alikuja kila siku saa moja na nusu asubuhi. Hajawahi kuchelewa. Yule karani mkuu wa leja alistaafu mwaka 2009, kabla ya yote haya, na nashukuru.

Ningekuwa mwongo nikisema tulichokizika kilikuwa kisafi. Nimeona jalada likipotea mpaka mwenye shida atoe kitu, halafu likaonekana pale pale kwenye rafu. Nimesikia "njoo kesho" ikiambiwa wajane. Mnyororo ule mrefu wa mikono ndimo ulimojificha wizi wa kila namna. Mwaka 2016, serikali ilipowahakiki watumishi wake, majina zaidi ya 10,000 yaligundulika kuwa ni hewa, watu wasiokuwepo wanaolipwa mshahara. Yote hayo yalipita mikononi mwa makarani wenye saini nzuri. Leo mtu analipa ada ya mtoto kwa simu akiwa shambani, na risiti inamfikia kabla hajairudisha simu mfukoni. Siwezi kumtazama mtu huyo usoni nikamwambia arudi kwenye foleni ili mjomba wangu apate kazi.

Kwa hiyo ninachokililia si foleni. Nimejaribu kukitaja mara nyingi nikakosea, na huenda nikakosea tena hapa. Nyumba haijabomoka, wala walio juu hawajaanguka. Wamebaki dirishani wanatutazama. Vilivyoondolewa ni vidato vya chini. Anayetaka kupanda leo lazima aje na ngazi yake kutoka nyumbani: digrii, Kiingereza cha kujieleza, mjomba wa kumpigia simu. Mtoto wa mvuvi anafika getini na hakuna cha kukanyaga.

Mtu ataniambia kazi hazikuisha, zimehama. Ni kweli, nami nimezifuata kuona zimehamia wapi. Vodacom walipoleta M-Pesa Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, kaunta ya benki ilitoka nje, ikakaa chini ya mwavuli. Pale mtaani kwangu kuna binti ana meza, kiti cha plastiki, simu tatu na daftari. Anapokea na kutoa fedha kutwa nzima, kazi ileile aliyokuwa akiifanya keshia nyuma ya kioo, na kwa jua kali zaidi. Analipwa kamisheni. Siku moja nilimuuliza juu yake yuko nani. Akadhani namuulizia mwenye jengo.

Nilikuwa namuulizia mtu wa kumwambia "hebu kaa hapa kwanza." Hana. Ameshika fedha za mtaa mzima kwa miaka saba bila kupungukiwa, na hakuna mkubwa hata mmoja anayelijua hilo kwa macho yake. Mitambo inalijua. Inazo namba zake zote, imezihifadhi vizuri kuliko leja yoyote niliyoshika, lakini haiwezi kumwona akihesabu noti kwa vidole viwili na kusema moyoni: huyu tumsogeze.

Ndivyo ilivyo kwa dereva anayeitwa na programu na kukatwa fungu lake na programu. Ndivyo ilivyokuwa kwa wale vijana wa Nairobi ambao, ilivyoripotiwa mwaka 2023, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kupanga maandishi ya kutisha ili akili unde ijifunze kutoyasema. Walikuwa ndani kabisa ya mashine, na nje kabisa ya kampuni. Kampuni imekuwa nyembamba kama kisima: juu duara dogo la mwanga, chini giza la watu wasiohesabiwa kuwa wake.

Na salamu zimekwisha. Huenda jambo hili likaonekana dogo. Ofisi ile ya zamani ilishikamana kwa shikamoo. Asubuhi ukipita ukumbini ulijua wa kumwamkia na wa kukuamkia, na yule mama wa leja alipoitika "marahaba, baba, umeamkaje," nilikuwa nimepata mahali pangu kwa siku ile. Mpangilio wa kazi ulikuwa mdomoni kabla ya kuwa kwenye karatasi. Ukiwa na shida ulijua ukamwone nani, na yeye alijua nani zaidi. Siku hizi mzee akija na shida yake, kijana wa mapokezi, ambaye si mbaya hata kidogo, humtazamia kwenye kioo na kumwambia, "Mzee, mfumo hauruhusu." Namuamini. Mfumo hauruhusu kweli. Nami niliyekuwa katika kamati iliyouchagua sikumbuki tulimwachia nani uwezo wa kuruhusu.

Mei 2023 kule Kericho, Kenya, wachumaji wa chai walichoma moto mashine za kuvunia majani. Mashine moja hufanya kazi ya makumi ya wachumaji, na mchumaji aliiona kwa macho yake ikipita kwenye mistari ambayo mama yake na bibi yake waliichuma kwa vidole, majani mawili na kichipukizi. Katika ghasia hizo mtu aliuawa, mashamba yakasimama. Sisifu moto. Lakini nilipoziona picha nilipatwa na kitu ambacho kilinishangaza, nacho kilikuwa wivu. Wao walikuwa na kitu cha kukielekezea kidole. Sisi wa maofisini kazi zetu zilichukuliwa na kitu kisicho na mahali. Yule katibu muhtasi wa Tabora angechoma nini? Ratiba ya chumba cha mikutano?

Sasa kidato kingine kinalegea, tena cha juu zaidi. Vijana wanaotoka chuo kikuu walikuwa wanaanzia kwenye kuandika muhtasari wa vikao, kurasimu barua, kusoma mikataba na kutaja iliko kasoro. Kazi za kuchosha, lakini ndizo zilizokuwa chumba chao cha leja. Akili unde inazifanya kabla chai haijapoa. Mwaka jana nilimpokea kijana mwerevu wa takwimu, akapewa cheo cha uchambuzi tangu siku ya kwanza. Ananiletea ripoti zisizo na kosa la tahajia. Nikimuuliza kwa nini gharama za mafuta zimeshuka mwezi wa tano, anarudi kuiuliza mashine. Simlaumu. Hajawahi kukaa usiku akitafuta. Hakuna aliyewahi kumwambia agawanye kwa tisa, na mimi, nilipotaka kumwambia, sikuwa na kosa la kumwonyesha.

Juzi nilikwenda kumwona mjomba. Miguu imemtupa mkono lakini macho bado. Nilimkuta barazani.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mjomba. Karibu. Umechelewa, chai imekwisha pigwa."

Nikamweleza ya kazini, na habari ya yule kijana. Alisikiliza, kisha akauliza barua sasa hupelekwa na nani. Nikamwambia hakuna anayepeleka, zinakwenda zenyewe, na mfumo unaandika kwamba zimefika.

"Unaandika zimefika saa ngapi?"

"Mpaka sekunde."

Aliitika kwa kichwa, kwa heshima ya mtu wa kazi anayesikia kazi nzuri. Kisha akauliza, "Na aliyezipokea, alikuwaje?"

Sikuelewa. Akamwagiza mjukuu alete ule mfuko wa nailoni. Akalifungua daftari magotini, akawa anapitisha kidole kwenye saini moja baada ya nyingine. Huyu, wa bandarini, alisaini amesimama kwa sababu ya mgongo. Huyu siku hiyo alikuwa amefiwa na mkewe, ona mkono ulivyokwenda. Huyu hakujua kuandika, karani wake alimshikia kalamu, na sisi tukanyamaza kwa sababu alikuwa meneja mzuri. Huyu. Huyu. Wengi aliwataja kwa marehemu. Kurasa za mwisho zilikuwa na mistari mitupu, kwa kuwa daftari halikujaa. Alihamishiwa masijala katikati yake.

Alipofika kwenye mstari wa kwanza mtupu akaomba kalamu. Akaandika tarehe ya siku ile, taratibu, kwa mwandiko uleule wa kulala kidogo. Sehemu ya namba akaacha wazi. Sehemu ya kitu kinachopelekwa akaandika: daftari moja. Sehemu ya jina akaandika langu. Kisha akaligeuza upande wangu na kuweka kidole mahali pa kusaini.

Nilisaini. Akalivuta tena kwake, akaitazama ile saini kwa muda, kama alivyozitazama nyingine, ndipo akanikabidhi.